Njia ya Pwani Isifungwe kwa Jina la Usalama

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, inasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Serikali ya kitaifa inaishikilia kwa amana kwa niaba ya wananchi, Tume ya Kitaifa ya Ardhi inaisimamia, na haiwezi kutolewa wala kutumiwa ila kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa na Bunge. Kwa maandishi, basi, hakuna hoteli, jumba wala uwanja wa gofu unaoweza kudai kwamba ufuo ni wake. Lakini mtu wa pwani anajua jambo ambalo kifungu hicho hakikulitaja, nalo ni kwamba ukanda huo wa umma huzama. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hapa Mombasa hukaribia mita 4, na mahali palipojengwa ukuta au penye jabali, mawimbi hupiga juu ya mawe na mchanga wote hufunikwa. Mvuvi anayerudi na ndoo yake, mama aliyekwenda mwambani kuchokoa pweza, mtoto anayekata njia kwenda chuoni, wote hao kwa saa kadhaa za kila siku hawana pa kukanyaga isipokuwa juu ya ukingo, kwenye njia ya miguu. Na huko juu ndiko ziliko hatimiliki za watu.

Kwa sababu hiyo haki ya ufuo isiyo na njia ya juu, na isiyo na njia za kuuteremkia, ni haki ya nusu siku. Hili ndilo la kuweka mbele kila unapoletwa mpango wa kujenga uwanja wa gofu wenye nyumba za kifahari kandokando ya bahari. Wenye mradi huwa hawasemi kwamba wanataka kuwanyima watu pwani. Wanasema mipira huruka kwa kasi, jabali lina ukingo mkali, na kwamba wao, wakiwa watu wenye kujali, hawawezi kuruhusu familia zitembee mahali pa hatari. Hatari hiyo ni ya kweli na sitaidharau hata kidogo. Ninachokipinga ni hitimisho linalotolewa humo: kwamba kwa kuwa mchezo umeleta hatari, anayepaswa kuondoka ni yule aliyekuwa akipita hapo kabla ya mchezo kuja.

Kisa kinachofaa kusomwa na kila ofisi ya mipango ya kaunti za pwani kinatoka Ireland. Kusini mwa nchi hiyo, katika jimbo la Cork, kuna rasi ya mawe iitwayo Old Head of Kinsale, iliyoungana na bara kwa shingo nyembamba ya ardhi. Ina ekari zipatazo 220, mnara wa taa wa karne ya 19, na majabali marefu yanayotazama bahari ambamo meli ya Lusitania ilizamishwa mwaka 1915. Watu walikuwa na mazoea ya kwenda kutembea na kutazama ndege wa baharini kwenye rasi hiyo. Ilinunuliwa na mwekezaji, ukajengwa uwanja wa gofu wa mashimo 18 (shimo, kwa lugha ya gofu, ni sehemu nzima ya uwanja kutoka mahali pa kuanzia kupiga hadi kitundu ambamo mpira huingizwa), nao ukafunguliwa mwaka 1997. Mamlaka za mipango ziliweka masharti kwamba umma uendelee kuruhusiwa kuingia. Mwenye uwanja akaenda mahakamani, na mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Ireland ikaamua kwamba masharti hayo hayakuwa halali.

Kiini cha uamuzi huo ni hiki. Masharti ya kuwaruhusu watu kupita yalikuwa yamefungwa kwenye kibali cha jengo la klabu, wakati ambapo matumizi ya ardhi yenyewe kwa gofu, kwa sheria za wakati ule, hayakuhitaji kibali cha aina hiyo. Sharti linalowekwa kwenye kibali cha jengo halikuweza kubeba haki ya kutembea juu ya rasi nzima. Na kwa kuwa hapakuwa na haki ya njia ya umma iliyothibitishwa kisheria, hoja za mazoea na kumbukumbu za wenyeji zilibaki bila pa kusimama. Wananchi waliandamana, wakafanya mikusanyiko ya chakula langoni, wakaimba na kubeba mabango, lakini walikuwa wamekwisha kuchelewa. Haki yao ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi isiyostahili, na karatasi hiyo ikachanika. Sijaona mfano unaoonyesha kwa uwazi zaidi kwamba ahadi ya mwekezaji na sharti la kibali ni vitu dhaifu, na kwamba njia hulindwa pale tu inapoandikwa kwenye daftari la ardhi kabla ya trekta ya kwanza kufika.

Upande wa pili wa mlango wa bahari, Uskoti, nchi ambayo mchezo wenyewe ulikulia, mambo yamekaa kinyume kabisa. Sheria ya marekebisho ya ardhi ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita kwenye sehemu kubwa ya ardhi ya nchi, na viwanja vya gofu vimo, kwa mipaka inayoeleweka: mtu anaruhusiwa kukivuka kiwanja kwenda aendako, bila kuwavuruga wanaocheza, lakini haruhusiwi kukigeuza mahali pa kupumzikia, wala kukanyaga nyasi laini inayozunguka shimo. Katika mji wa St Andrews, kwenye uwanja mkongwe unaoheshimiwa na wachezaji wa dunia nzima, kuna kijia cha umma kinachokatiza shimo la kwanza na la 18 kuelekea ufuo wa West Sands. Mwenye kigari cha mtoto hupita, mwenye mbwa hupita, na mchezaji aliyetoka Marekani au Japani na kulipa fedha nyingi husubiri na fimbo yake mkononi. Jumapili ya kawaida uwanja huo hufungwa kwa mchezo, na watu wa mji hutembea juu yake wanavyotaka. Hakuna anayesema kwamba mchezo umeharibika kwa sababu hiyo. Ardhi yenyewe ni ya umma na inasimamiwa na amana iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1974, kwa hiyo anayecheza ndiye mgeni, na anajua hivyo anapowasili.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe, maana hoja ya usalama haijibiwi kwa hamaki. Mpira wa gofu ni mdogo, hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93 wala kupungua kipenyo cha milimita 42.67, lakini ukipigwa na mchezaji wa kulipwa hutoka kwenye fimbo kwa kasi inayopita kilomita 270 kwa saa. Mwaka 2018, katika mashindano ya Ryder Cup karibu na Paris, mtazamaji mmoja mwanamke alipigwa na mpira wa mchezaji maarufu akapoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kulia, na hapo palikuwa na wasimamizi, kamba na tahadhari za kila namna. Mtu anayetembea kwenye njia ya pwani hana hata kimoja cha hivyo. Hakuja kutazama gofu. Hajui shimo linaanzia wapi, na pengine upepo na mawimbi vitamzuia kusikia ukelele wa kumtahadharisha.

Kwa hiyo nani anawajibika? Swali hili lilijibiwa Uingereza zaidi ya miaka 100 iliyopita. Dereva wa teksi alikuwa akitoka Deal kwenda Ramsgate, katika jimbo la Kent, kwenye barabara iliyopakana na uwanja wa gofu. Mpira uliopigwa kutoka sehemu ya kuanzia ya shimo la 13 ukagonga kioo cha mbele cha gari lake, kipande cha kioo kikamwingia jichoni, na jicho likapotea. Katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1922, ilithibitishwa kwamba mipira kutoka shimo hilo ilikuwa na kawaida ya kuangukia barabarani. Mahakama ikasema kwamba shimo lililowekwa namna hiyo ni kero kwa umma, na klabu ikawajibishwa pamoja na mchezaji. Tazama kile ambacho mahakama haikukisema: haikusema kwamba barabara ifungwe ili shimo libaki. Uamuzi huo wa Uingereza haufungi mahakama za Kenya wala za Tanzania, lakini umetoka kwenye mapokeo ya sheria ambayo mahakama zetu zimeyarithi, na wakili anayewatetea wapita njia hana sababu ya kuuacha kabatini.

Jambo linalonisikitisha katika mijadala hii ni kwamba mengi ya hatari hizo yanaweza kuondolewa kwenye meza ya mchoraji, kwa gharama ndogo, kabla ya kupandwa nyasi. Wachezaji wengi hutumia mkono wa kulia, na kosa la kawaida la mchezaji asiye hodari ni mpira kupinda kuelekea kulia. Chukua basi pwani yetu, ambapo bahari iko mashariki. Shimo linalochezwa kuelekea kaskazini huiweka bahari, na njia iliyo kandoni mwake, upande wa kulia wa mchezaji, yaani palepale mipira iliyopotea inapoangukia. Shimo hilohilo likigeuzwa lichezwe kuelekea kusini, mipira iliyopinda itaangukia bara, ndani ya uwanja wenyewe. Kuna pia suala la pepo. Kaskazi na kusi, kila moja kwa msimu wake, huvuma kutoka baharini kuja nchi kavu, na mtu anaweza kudhani kwamba upepo utamlinda mpita njia kwa kuisukuma mipira ndani. Mchezaji mzoefu, hata hivyo, hulenga upande wa bahari makusudi ili upepo uurudishe mpira katikati ya uwanja, na hiyo ina maana kwamba mpira huanza safari yake juu ya vichwa vya watu. Mchoraji aliyetoka nchi ya mbali na kukaa hapa wiki moja ya kaskazi iliyopoa hawezi kuliona hilo. Mvuvi wa hapo anaweza kumweleza upepo wa mwaka mzima kwa nusu saa, iwapo atakaribishwa kwenye kikao.

Yapo na mengine ya kawaida ambayo viwanja vyenye kujiheshimu huyafanya: kuhakikisha kwamba anayepiga anaiona njia yote iliyo mbele yake, kuweka kengele kwenye shimo ambalo kilima kimelificha, kupanda miti na vichaka vinene kama kinga, kusogeza sehemu ya kuanzia mbali na njia, na kuandika mabango yanayomwambia mchezaji asubiri. Hilo la mabango lina uzito kuliko linavyoonekana. Bango linalosema «hatari, usipite» na bango linalosema «njia ya umma, mchezaji asubiri» yanaweza kusimama kwenye nguzo moja, lakini la kwanza limekwisha kuhamisha mzigo wote kutoka kwa anayepiga mpira hadi kwa anayetembea. Ukilipitia kila siku bango la namna ya kwanza kwa miaka 10, watoto wako watakua wakiamini kwamba pale hapapitwi, na siku ya kesi hakutakuwa na shahidi kijana.

Hatari ya pili ni ukingo wenyewe. Njia ya pwani ikibanwa kati ya waya wa uwanja na jabali, kila mvua kubwa na kila bamvua huila kidogo, hadi mpita njia anabaki na chaguo la kuruka waya au kuanguka. Uwanja wa gofu nao hauko salama. Huko Rancho Palos Verdes, California, mwezi wa Juni 1999, sehemu kubwa ya shimo la 18 la uwanja uliokuwa ukikaribia kufunguliwa iliporomoka kuelekea baharini pamoja na njia za matembezi zilizokuwapo. Uwanja ulijengwa upya, na kwa kuwa sheria ya pwani ya California ya mwaka 1976 inailazimu miradi ya namna hiyo kuheshimu haki ya umma ya kuifikia bahari, njia za matembezi na maegesho ya umma bado yapo hapo, kando ya moja ya viwanja vya gharama kubwa nchini humo. Uingereza nayo, katika mpango wa njia ya pwani uliotokana na sheria ya mwaka 2009, imeruhusu njia irudi nyuma kadiri ukingo unavyoliwa, ili isitegemee mstari uliochorwa mara moja kwenye ramani. Kwetu sisi, ambako fukwe nyingi zinaliwa na bahari, kipengele cha njia kurudi nyuma ni cha lazima. Njia yenye upana wa mita 3 iliyochorwa leo pembezoni mwa jabali, bila nafasi ya kurudi nyuma, ni njia iliyopangiwa kufa.

Sheria zetu hazina upungufu mkubwa kama inavyodhaniwa. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inaipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi uwezo wa kuanzisha njia za umma juu ya ardhi ya mtu binafsi, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka huohuo inazitambua, hata zisipoandikwa kwenye hati, haki za njia zilizokuwapo wakati ardhi iliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Kanuni za upimaji nazo zinataka hifadhi ya kawaida isiyopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa pale ardhi ya serikali iliyopakana na bahari inapopimwa, ingawa waziri amepewa mwanya wa kuipunguza. Tanzania Bara, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mita 60 zinatosha njia, miti, na nafasi ya kurudi nyuma, zikabaki na ziada. Tatizo ni kwamba sheria ya mazingira huilinda ardhi isijengwe, lakini haimwambii askari wa lango amfungulie mtu. Eneo linaweza kuwa halina jengo hata moja, likawa limetandikwa nyasi nzuri, na bado mwenyeji akarudishwa.

Naelewa hoja ya ajira. Uwanja wa gofu unaajiri watunza nyasi, wabeba fimbo, wapishi na walinzi, na vijana wetu wanazihitaji kazi hizo. Lakini sijaona mahali ambapo mtalii aliahirisha safari kwa sababu wavuvi walipita kando ya shimo la saba. Kisiwa cha Mombasa chenyewe ni ushahidi. Klabu ya gofu ya mji huu ilianzishwa mwaka 1911, na uwanja wake umejirani na Barabara ya Mama Ngina, pale majabali yanapotazama mlango wa kuingilia Kilindini. Jioni, na hasa Jumapili, mji mzima huhamia kwenye ukingo huo uliofanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya mwaka 2019. Mihogo huchomwa, hupasuliwa katikati, ikatiwa chumvi, pilipili na ndimu, madafu hukatwa, watoto hukimbia chini ya mibuyu, na meli za makontena hupita karibu kiasi cha kusoma majina yao. Gofu na matembezi ya umma vimekaa mtaa mmoja kwa vizazi vingi. Wasiwasi wangu si juu ya mahali kama hapo, ambapo umma uko wengi na una sauti. Wasiwasi wangu ni juu ya vijiji vya mbali, ambako njia ya kwenda bandarini hutumiwa na watu 50 na hakuna gazeti litakaloandika ikifungwa.

Huko ndiko kazi inakotakiwa, na inatakiwa mapema. Mradi wa ukubwa huo hauwezi kuanza bila tathmini ya athari kwa mazingira, na tathmini hiyo hupitia kwa wananchi ili watoe maoni. Mara nyingi kikao hicho huishia kwenye maswali ya ajira, kisima na zahanati, mambo mema yote, na njia haitajwi kwa kuwa kila mtu anaiona kuwa ipo tu. Itajwe kwa jina lake la kijijini. Ichorwe kwenye ramani ya mradi kutoka barabara kuu hadi mchangani, na upana wake uandikwe. Yatakiwe maelezo ya maandishi ya kila shimo lililo ndani ya mita 100 za njia: linaelekea wapi, mipira iliyopinda itaangukia wapi, nani atalipa mtu akiumia. Isajiliwe kwenye hati ya ardhi husika, ili atakayeinunua kesho aikute humo, na isiachwe kama sharti la kibali au ahadi ya barua.

Kwa njia ambazo zimekwisha kuzungushiwa waya, mlango bado haujafungwa kabisa, lakini ushahidi una umri. Kwa kuwa sheria inaangalia kilichokuwapo wakati wa usajili wa kwanza, wanaoweza kukithibitisha ni wazee waliokuwa wakipita hapo wakati huo, pamoja na ramani za zamani za upimaji na picha za angani zilizoko kwenye ofisi za serikali. Viapo vya maandishi vya wazee hao vinaweza kuchukuliwa mbele ya wakili mwezi huu, kijiji kwa kijiji, bila kungoja kesi ifunguliwe.